Mtoto Mnayemrekodi Atakua

Wanangu wapendwa,

Habari ya kazi mliyoipata imenifikia kabla ninyi wenyewe hamjaja kunieleza, maana Tandale haifichi neno. Kampuni imewaita. Wanataka filamu fupi, watoto wa mtaani kwetu waigize ndani yake, na chapa yao ionekane mwishoni. Nimefurahi, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Vijana waliojifunza kuhariri picha kwa kompyuta ya kuazima pale kwa Mtogole leo wanaitwa na watu wazito kwa kazi ya kulipwa. Ipokeeni bila kujidharau.

Mimi mwezi huu nahamia Pangani kwa dada yangu. Miguu imekataa. Siwezi tena kusimama kutwa juani kwenye lokesheni, na mtu asiyeweza kusimama hafai kuachiwa watoto. Kwa hiyo haya nawaachia kama wosia, nikiwa bado na kauli na kumbukumbu.

Habari za lenzi na taa siwezi kuwafundisha, mnanipita mbali. Tangu nilipoweka chaki chini, kazi yangu kwenye filamu na matangazo ilikuwa kukaa na watoto. Kuwatafuta, kuzungumza na wazazi wao, kuwalisha, kuwapeleka chooni, kumjua aliyechoka kabla hajalia. Na katika kazi hiyo nimejifunza jambo ninalotaka mlibebe kuliko mengine yote: mtoto mnayemrekodi atakua. Atafika miaka 25. Ataomba kazi, ataposa au kuposwa, atapata watoto wake, na filamu yenu itakuwa bado ipo kwenye simu ya mtu fulani. Huyo mtu mzima ambaye hamjamwona ndiye wa kumfikiria katika kila uamuzi mtakaoufanya, tangu skripti hadi siku ya kukabidhi kazi.

Msidhani filamu ya kulipiwa na mwenye shughuli yake ni jambo la jana. Nchi hii ilianza nayo mapema sana. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kituo Vugiri, kule Usambara, kwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi nyingi za kuwafunza wananchi kilimo, usafi na kutibu safura. Mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta, yaani iliwaambia watu wapeleke fedha zao benki. Lori lilizunguka na projekta kwenye vijiji vya Afrika Mashariki na Kati likiwaonyesha watu picha za watu kama wao. Majina ya Notcutt na Latham walioongoza mradi huo yamo vitabuni mpaka leo. Wenyeji waliosimama mbele ya kamera zao wamebaki sura tu.

Kisha mwaka 1952 ikaja Muhogo Mchungu, na aliyeigiza humo ni Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Lakini Kawawa alikuwa mtu mzima. Alijua anaingia wapi, aliweza kukubali na aliweza kukataa, na jina lake alitoka nalo. Mtoto wa miaka 8 hana uwezo huo. Wenye uwezo ni mama yake na ninyi, na mama mwenyewe siku hiyo pengine anawaza kodi ya nyumba.

Nawapeni mfano niliouona kwa macho yangu. Manzese palikuwa na binti mdogo, mcheshi, mwenye pengo mbele. Alirekodiwa kwenye tangazo la sabuni. Siku ile ilikuwa sherehe: alisukwa nywele, alikunywa soda, mama yake alipewa bahasha na karatasi ya kutia saini, akaitia akiwa amesimama, kwenye boneti ya gari. Karatasi ilisema kampuni inaweza kutumia sura ya mtoto kwa njia yoyote, mahali popote, bila kikomo cha muda. Picha ikapanda kwenye bango barabara ya Morogoro. Ikakaa. Jua likaula wekundu wote, binti akabaki wa bluu juu ya lile bango, na pengo lake vilevile, wakati yeye mwenyewe meno yalishaota na alishaingia kidato cha kwanza. Shuleni hawakumwita kwa jina lake. Walimwita kwa jina la sabuni, na wavulana wakaongezea maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama alipokwenda kuomba picha ishushwe, alionyeshwa saini yake. Mtoto alilipwa mara moja tu. Picha ilifanya kazi miaka.

Ndiyo maana nawaambia, siku mtakayokaa na kampuni, jambo la kwanza mezani liwe muda. Sura za watoto zitatumika mpaka lini? Wapi? Kwa njia zipi? Kwenye biashara ya matangazo hili si ombi geni, waigizaji wakubwa hulipwa hivyohivyo: mwaka 1 au 2, nchi zilizotajwa, televisheni na mitandao iliyotajwa, na wakitaka kuendelea wanarudi kulipa upya. Kinachofaa kwa mwigizaji maarufu kinamfaa mtoto wa Tandale. Andikeni mwaka 1. Andikeni Tanzania. Andikeni kwamba picha za mnato zilizopigwa pembeni wakati wa kurekodi hazigeuzwi mabango wala vifungashio bila makubaliano mapya. Na siku hizi muongeze kwamba sura na sauti za watoto hazilishwi kwenye programu za akili mnemba kutengeneza vitu ambavyo hawakuvifanya. Muda ukiisha, kampuni iondoe filamu kwenye kurasa zake. Najua kilichokwisha kusambaa kwenye simu za watu hakirudi, lakini kuna tofauti kubwa kati ya kitu kinachozagaa na kitu ambacho kampuni tajiri inakilipia kiendelee kuonekana.

Mtakutana na kijana wa wakala wa matangazo atakayewaambia mkataba ni wa kawaida, wote huutia saini. Mwambieni kwa adabu kwamba mtausoma. Halafu muusome na wazazi, kwa Kiswahili, wamekaa kwenye mkeka, siku moja kabla ya kurekodi au zaidi. Bibi wa mtoto awepo kama ndiye anayemlea. Na mtoto mwenyewe aambiwe kwa lugha ya saizi yake: watu usiowajua watakuona, wengine watacheka, unataka? Nimeona watoto wakisema hapana, na mtoto aliyesema hapana aruhusiwe kurudi kucheza bila kununiwa na mtu.

Kuna sheria, na nataka mzijue ili mtu asiwababaishe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na kazi yenyewe iwe nyepesi, isimdhuru wala kumzuia masomo. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, imekatazwa. Sheria hiyohiyo inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Humo taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Wengi wa watoto mnaowataka wako chini ya miaka 14, kwa hiyo msijifanye mawakili. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Kinondoni na skripti mkononi kabla hamjamgusa mtoto yeyote. Kibali cha Bodi ya Filamu mnakijua. Ofisi ya serikali ya mtaa nayo msiiruke, wala mjumbe wa shina. Si kwa ajili ya muhuri tu. Likitokea lolote, hao ndio watakaogongewa mlango usiku.

Sasa nije kwenye hadithi yenyewe, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Kampuni ikisema inataka watoto wa uswahilini, mara nyingi imeshaamua inataka kuona nini: miguu mitupu, kamasi, maji machafu ya Mto Ng'ombe, na mwisho bidhaa yao inaingia kama malaika. Nilikuwepo siku mwongozaji mmoja alipotaka mtoto avue viatu. Mama alikuwa amevisugua kwa mswaki tangu alfajiri, mpaka kamba ameziloweka zikawa nyeupe. Mtoto alimtazama mama, mama akatazama chini. Nilikwenda nikamfunga kamba upya mbele ya watu wote, nikasema huyu ataigiza na viatu. Aliigiza navyo, na picha ikawa nzuri, maana alitembea kama mtu aliyevaa vizuri. Watoto wetu huoga. Hupakwa mafuta. Sare hupigwa pasi ya mkaa. Mkiwachafua ili mtazamaji wa mbali aone umaskini aliouzoea, huyo wa miaka 25 atajiona ameaibishwa na watu wa nyumbani kwao, na hatakuwa amekosea.

Na jambo kubwa zaidi ya viatu: msimpe mtoto aigize taabu zake mwenyewe. Kuna waongozaji wanaodhani ukweli hupatikana kwa kuchokoa kidonda. Mmoja alitaka mvulana alie, machozi hayaji, akamwinamia akamwambia, mfikirie baba yako alivyoondoka. Mtoto alilia kweli, kilio ambacho hakikuisha waliposema kata. Nilimbeba nikamrudisha kwa bibi yake, na siku hiyo kazi ikaishia hapo. Mtoto akiigiza maisha yake mwenyewe, jioni hana cha kuvua. Anarudi nyumbani na kilekile alichokuwa anakionyesha, safari hii kimeshaonwa na wageni.

Mpeni mhusika. Mpeni mtu mwingine wa kuwa. Tulipata kumpa binti mmoja mwenye haya nafasi ya mwenyekiti wa mtaa, katika hadithi ya watoto wanaoitisha mkutano kwa sababu mpira wao umetumbukia kwenye uwanja wa mzee mkali. Yule binti, ambaye kwa siku nzima ya majaribio hakutoa sauti, alisimama juu ya kreti la soda, akapandisha kitenge begani, akasema, "Kimya! Anayetaka kusema anyooshe mkono, na wewe Kaka Mkubwa teremsha huo mguu." Hilo la mguu halikuwa kwenye skripti. Kila mtu alijua amelitoa kwa mwenyekiti wa kweli. Wakati wa chakula aliendelea kutoa amri kwa muda, wenzake wakatii, kisha akavua kitenge mwenyewe akaenda kucheza rede. Alimvaa mtu, akamvua. Leo akiitazama filamu ile, anajiona akiwa hodari.

Angalieni jirani zetu walivyofanya. Soul Boy, iliyotoka 2010, iliongozwa na Hawa Essuman na kurekodiwa Kibera. Wangeweza kutengeneza filamu ya kuhesabu mabati yenye kutu. Badala yake kijana wa miaka 14 anaambiwa roho ya baba yake imechukuliwa, naye anapewa kazi saba za kuikomboa. Kibera ipo yote mle ndani, reli, vichochoro, kelele, lakini mtoto ndiye shujaa, hakuwekwa pale kuwa kielelezo cha shida. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ina mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa mwenye uwezo wa ajabu, na kijiji kizima kinamtengenezea filamu. Dakika zenu ni chache kuliko za hao, na lazima chapa ionekane, bado mnaweza. Iambieni kampuni ukweli huu wa kibiashara: mtazamaji wa Dar hukumbuka kichekesho cha mtoto jasiri miezi mingi. Mtoto wa kuhurumiwa anampita kwa kidole.

Bidhaa nayo isipewe kazi ya kuokoa. Iwepo kama ilivyo majumbani mwetu, dukani kwa Mpemba, mezani, begani. Mtoto asiseme sentensi ya kuisifu ambayo hakuielewa, maana huko ni kuivika bidhaa kilemba cha ukoka mbele ya watu. Na aseme kwa Kiswahili chake. Mteja akiomba asahihishwe, simameni kidete. Mtoto wa Tandale akisemeshwa kama msoma taarifa ya habari, mtaa mzima utajua ni uongo.

Mambo ya siku ya kurekodi nayapitia haraka, mengi tulishayafanya pamoja. Anzeni na kombolela kabla ya kamera kutoka kwenye begi. Shusheni kamera ifike usawa wa macho yao. Rekodini likizo, au mjue kila mtoto yuko zamu ya asubuhi au ya mchana. Kuna mashine za kusaga sokoni zinazoanza mapema, sauti muipange kwa kuzizingatia pamoja na adhana. Chakula cha watoto kitangulie cha mteja. Pawe na mwanamke mzima wa kukaa nao, anayelipwa, asiye na kazi nyingine, na neno lake la kusema "basi" liwe la mwisho hata kwa mwongozaji. Nafasi hiyo ndiyo yangu, na nawaomba msiijaze na mdogo wa prodyuza aliyekuja kuuza sura.

Fedha. Watoto wote walipwe sawa, mwenye maneno na aliyepita nyuma na tairi, la sivyo mtawagombanisha mama zao bombani kwa mwaka mzima. Sehemu ipitie kwa mzazi, sehemu iingie kwenye akaunti ya mtoto, benki zetu zinazo. Wala msitoe ahadi za "tutakusomesha" mkiwa na furaha ya siku ya mwisho. Mira Nair alipotengeneza Salaam Bombay! mwaka 1988 alifanya warsha na watoto wa mitaani wa Bombay, na kutokana na filamu hiyo ikaanzishwa Salaam Baalak Trust, ambayo mpaka leo inawahudumia watoto wa mitaani India. Ni kazi kubwa ya kuheshimiwa. Hata hivyo mvulana aliyekuwa mhusika mkuu, aliyepata tuzo ya taifa, baadaye aliishia kuendesha bajaji Bangalore. Kuendesha bajaji ni kazi ya halali, sina neno nayo. Ninachosema ni kwamba tuzo haikumfungulia mlango aliodhani umefunguka. Filamu ya Slumdog Millionaire ilipata tuzo nane za Oscar, Februari 2009. Mei mwaka huohuo wenye mamlaka Mumbai walivunja nyumba za watoto wawili walioigiza humo, ingawa watengenezaji walishaweka mfuko wa kuwasomesha na kuwapatia makazi. Basi ahidini kidogo mnachoweza, kiandikwe, kiwe na tarehe. Mkiweza kuibana kampuni inunue madawati au ijenge vyoo vya shule ambayo watoto wote wa mtaa wanasoma, hilo lina maana kuliko baiskeli moja kwa mtoto mmoja mbele ya kamera.

Filamu ikikamilika, kabla mteja hajaidhinisha toleo la mwisho, watoto waione. Liwe sharti kwenye mkataba. Tundikeni shuka nyeupe, au kodini kibanda umiza kwa saa moja, waiteni na wazazi. Kaeni kimya mkiwatazama wao, wala msitazame skrini. Mtoto akijificha uso mahali fulani, andikeni dakika na sekunde. Baadaye muulizeni pembeni. Akisema pale watanicheka, kipande hicho kiondoke, hata kama ndicho mpiga picha anachokipenda kuliko vyote. Mteja akipinga, mwambieni gharama ya kukata sekunde 4 ni ndogo, na sheria inasema mtoto asikilizwe. Majina yao yaandikwe mwishoni, yale waliyoyachagua wao na wazazi wao, kwa herufi kubwa sawa na za jina la mwongozaji. Kila mtoto apewe nakala.

Daftari langu la watoto nimemwachia mjukuu wangu. Lina majina, simu za walezi, nani ana pumu, nani hali samaki, nani anaishi na bibi. Likae kabatini chini ya ufunguo, lisipigwe picha wala kutumwa kwa mtu wa kampuni hata akiliomba kwa upole. Sanduku la ndala, maji na kanga za kujifunika nalo liko kwake. Mkutano wenu ni Jumatatu. Nendeni wawili, mmoja azungumze na mwingine aandike, na ukurasa wa muda wa matumizi muuweke mezani kabla hawajafungua bajeti. Wakikataa mwaka 1, ombeni wasitishe mkutano mkawaulize wazazi, kisha mnipigie simu jioni. Pangani mtandao unapatikana vizuri upande wa ufukweni, nitakuwa pale baada ya magharibi.



Mwalimu wenu,
Tandale